Kazi ya Tatu Haijapokelewa

Mwalimu wa upimaji ardhi chuoni kwetu aliitwa Dakika, na jina hilo alipewa na wanafunzi, si na wazazi wake. Alilipata kwa haki. Kazi ikitakiwa saa sita kamili, ikifika saa sita na dakika moja ilikuwa imechelewa, na hakuna machozi wala cheti cha daktari kilichowahi kumlainisha. Mimi nafundisha uchoraji wa ramani. Meza yangu ilitazamana na yake kwa miaka tisa, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka.

Chuo kilipohamishia masomo kwenye mfumo wa mtandaoni, wengi wetu tulihangaika kama tulioingiliwa na siafu. Dakika alinawiri. Ungedhani mfumo umetengenezwa kwa kipimo chake. Unafunga kazi kwa sekunde unayotaka. Unaona nani kaingia darasani, nani hajaingia, na kakaa humo muda gani. Tena unaandika ujumbe mara moja tu, basi. Wenyewe unajituma kila siku saa mbili asubuhi kwenye simu ya kila aliyechelewesha kazi. Mimi nilikuwa bado nabembeleza watu kwa mdomo, yeye keshamaliza, anakunywa chai.

Ujumbe wenyewe aliutunga kwa wiki nzima. Siku alipoukamilisha alinisomea: "Ndugu mwanafunzi, mfumo unaonyesha hujawasilisha kazi. Uzembe ni uamuzi wako mwenyewe. Mlango haumsubiri mtu."

"Mwalimu," nikamwambia, "mbona kama barua ya kumfukuza mpangaji?"

Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Ndiyo watausoma."

Muhula huo mkuu wa idara alitangaza kwamba katika masomo yote ya mtandaoni, darasa la Dakika ndilo lililopangwa vizuri kuliko yote, na kwamba Alhamisi atatufundisha sisi wenzake namna anavyofanya. Dakika akaanza kuandika mwongozo. Aliupa kichwa kabisa: Vidokezo Kumi na Viwili kwa Mwalimu wa Mtandaoni. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye kidokezo cha tano, kinachohusu kufunga kazi bila huruma, tulipobishiwa hodi.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, gauni lake la bluu limeshonwa vizuri ajabu, vipande vya uzi mweupe vimemnasa kifuani. Kwapani alikuwa na mfuko wa nailoni. Mkononi alishika simu iliyofungwa kwenye leso.

"Samahanini," akasema. "Nimeelekezwa hapa. Namtafuta mtu anayemwandikia mwanangu kila siku saa mbili asubuhi."

Nilimwangalia Dakika. Ukisikia maneno kama hayo ofisini, mawazo huenda mbali yenyewe, na nakiri yangu yalikwenda. Lakini yeye hakushtuka. Alinyoosha mkono, akapewa simu, akaisoma, akauliza jina la mwanafunzi na kulitazama kwenye mfumo.

"Huyu ni mimi," akasema. "Yaani ni mfumo, ila maneno ni yangu. Binti yako yuko wapi, mama? Ana kazi tatu hajaleta, kuanzia kazi ya tatu."

"Mwanangu amefariki, mwalimu. Ijumaa iliyopita zimetimia wiki saba."

Feni ya dari ilikuwa ikizunguka na ule mlio wake wa kukwaruza. Dakika alisimama, akakaa tena. Akasema, "Pole sana, mama," kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Kisha akasema, "Sikuambiwa."

"Mjomba wake alileta barua dirisha la msajili. Wakaigonga muhuri mbele yake."

Nilimvutia mama kiti changu. Alikaa kwenye ukingo, mgongo wima, mfuko juu ya magoti. Akatueleza kwamba yeye ni fundi cherehani, na saa mbili asubuhi ndio huwa anafungua kibanda. Simu ya binti hukaa pembeni ya mashine. Haizimi, kwa sababu ndimo zilimo picha zake, na sauti yake ambayo alikuwa akijirekodi kuwatumia rafiki zake.

"Baada ya msiba, ilipokuwa inalia asubuhi nilidhani ni watu wa pole," akasema. "Nikisoma, ni nyinyi. Nikajibu. Nikaandika, mwalimu, mwenye simu hii hayupo tena. Kesho yake ukaja ule ule. Nikasema labda hamkuona, nikaandika tena. Nimejibu mara kumi na moja."

"Namba ile haipokei majibu," Dakika akasema.

"Haipokei?"

"Inatuma tu."

"Kumbe," mama akasema. Akaangalia simu mkononi mwa Dakika. "Kumbe nilikuwa naongea na ukuta."

Dakika alikuwa anapandisha ujumbe kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, zote sawasawa, zikikatizwa hapa na pale na majibu ya mama. Baadaye aliniambia alikuwa anazihesabu. Zilikuwa hamsini na sita.

"Sikuja kugombana," mama akaendelea. "Neno uzembe ndilo limenitoa nyumbani. Mwanangu alikuwa na mambo yake. Mkaidi. Akipiga pasi lazima aunguze nguo ya mteja. Lakini mvivu hakuwa, mwalimu. Na hiyo kazi ya tatu mnayosema haikuletwa, mimi naijua. Tuliifanya wote."

Akatoa kwenye mfuko daftari la mraba mraba, gumu, kona zake zimefunikwa kwa vitambaa vilivyoshonwa. Akalifungua penyewe, bila kutafuta ukurasa.

Kazi ya tatu ilikuwa hivi: mwanafunzi achague kiwanja chochote, apige vigingi kwenye kona, apime kwa utepe na dira kutoka kona moja hadi nyingine mpaka arudi alikoanzia, kisha aandike jedwali na kuchora. Binti alikuwa amepima uwanja wa nyumba yao. Nyumba, choo, jiko la nje, mstari wa kuanikia nguo, vyote vimechorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri. Mimi ni mtu wa ramani, najua mkono uliotulia ninapouona.

"Upande wa pili wa utepe nilishika mimi," mama akasema. "Alinitesa siku nzima. Mama rudi nyuma. Mama kaza. Mama usipindishe mkono. Wateja wanapita barabarani wanatucheka, wanauliza, mnauza kiwanja?"

Dakika akachukua penseli. Nilidhani atasema neno, walau neno lolote la kibinadamu. Akavuta kikokotoo na kuanza kukagua hesabu. Mstari kwa mstari, kona kwa kona. Ilichukua kama dakika ishirini. Nilimpa mama maji, akanywa kidogo, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Mwanafunzi mmoja aliingiza kichwa mlangoni, akatuona tulivyo, akakitoa.

"Mzunguko haujafunga," Dakika akasema.

Nusura nimrushie rula. Lakini mama alisogeza kiti.

"Maana yake nini?"

"Ukipima ukazunguka, hesabu zinatakiwa zikurudishe pale pale ulipoanzia. Zake hazijarudi. Zimepotea sentimita arobaini, kati ya kona ya nne na ya tano."

"Kona ya nne ni ipi?"

"Hii. Karibu na jiko."

Mama akainama juu ya daftari mpaka uso ukakaribia karatasi. Kisha akajishika shavu.

"Mungu wangu. Ni mimi huyo," akasema. "Maziwa yalikuwa yanafurika jikoni. Nikauachia utepe, nikakimbia kuepua sufuria, nikarudi nikaushika, nadhani si pale pale. Akaniuliza kabisa, mama, umesogea? Nikamwambia sijasogea hata kidogo." Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyefumaniwa. Halafu kikakatika, akabaki ameshika shavu. "Nilimdanganya."

"Alijua," Dakika akasema. Akageuza daftari, akamwonyesha kwa ncha ya penseli mstari mdogo chini ya jedwali. Binti alikuwa ameandika: Kuna tofauti kona ya 4–5. Aliyeshika utepe anasema hakusogea. Nitarudia kupima.

Mama aliusoma mstari ule mara nyingi. Midomo ilikuwa inacheza.

"Basi kosa si lake," akasema mwishowe.

"Si lake. Ameliona na ameliandika. Hicho ndicho ninachofundisha." Dakika akachukua kalamu nyekundu, akaandika kumi na nane juu ya ishirini.

"Na hizo mbili?"

"Hakuandika tarehe."

Nilifumba macho. Nilipofumbua nikamkuta mama anatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu la haki. "Kweli. Tarehe alikuwa anasahau hata kwenye barua."

Ingeweza kuishia hapo. Lakini Dakika hawezi kuacha alama kwenye karatasi bila kuiingiza kwenye mfumo, na alipojaribu, mfumo ukamkatalia. Ulisema mwanafunzi huyu hajawasilisha kitu, na kazi imeshafungwa. Akapiga simu ghorofa ya pili, akashuka dada wa TEHAMA, yule mwenye kamba ya funguo shingoni, ambaye huwa tunamwita kwa shida tu na hata siku moja hatumwiti kunywa chai. Tukamweleza. Alimpa mama mkono, akashika kipanya.

"Mwalimu, ulishawahi kufungua ukurasa wa majaribio?" akauliza.

"Upi?"

"Huu. Unaonyesha nani amejaribu kupakia kazi ikagoma."

Hakuwahi kuufungua. Mimi pia sikujua kama upo. Dada akabonyeza mara mbili, jina la binti likatokea, na chini yake mistari minne. Siku ya mwisho ya kazi ya tatu, saa tatu asubuhi: imekataliwa. Saa tatu na nusu: imekataliwa. Saa tano kasoro: imekataliwa. Saa tano na dakika hamsini na nne: imekataliwa.

"Alikuwa anapakia picha za daftari alizopiga kwa simu," dada akasema. "Wewe uliweka mfumo upokee faili la kompyuta tu, tena dogo. Picha ya simu haiwezi kupita hapo. Mfumo haumwambii kwa nini, unamwambia tu imekataliwa." Akasita. "Na kikasha chako cha ujumbe, mwalimu, kina ujumbe sitini na tatu hujasoma."

"Niliwaambia waulize kwenye ukumbi wa majadiliano wa darasa, wasiniandikie kwenye kikasha."

Dada aliteremsha orodha mpaka tarehe ile. Ujumbe ulikuwa wa saa sita kasoro dakika mbili. Dakika akausoma kwa sauti, sijui kwa nini kwa sauti. Labda kwa sababu mama alikuwa amenyoosha shingo na skrini ilikuwa mbali naye.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kukusumbua. Kazi nimeimaliza ila picha zinakataliwa na huku kompyuta sina. Najisikia vibaya kidogo tangu asubuhi. Nikipata nafuu nitaileta daftari mwenyewe mkononi. Usinihesabu sijafanya."

Feni ikaendelea kukwaruza. Mama alikuwa amekunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Siku hiyo ndiyo kichwa kilianza," akasema. "Halafu homa. Siku ya tano mchana alilala, hakuamka." Kisha akasema, "Ule ujumbe wenu wa kwanza aliusoma mwenyewe. Alikuwa amelala. Aliusoma, akaigeuza simu kifudifudi kitandani. Nikamwuliza nani huyo? Akasema, hakuna, ni chuo."

Dakika alitazama kioo cha kompyuta.

"Kwa hiyo alileta," mama akasema.

"Alileta. Mimi ndiye niliyekataa."

Alisema hivyo bila kutikisika, na mama akakubali kwa kichwa. Dada wa TEHAMA alikuwa amegeukia dirishani. Akauliza akiwa ametupa mgongo: "Ule ujumbe wa kila asubuhi nizime kwa huyu au kwa wote?"

"Kwa wote."

"Yaani kesho haitalia?" mama akauliza.

"Haitalia tena, mama."

Nilidhani atashukuru. Uso wake ulinyong'onyea kidogo, akaipokea simu kutoka kwa Dakika na kuifunga tena kwenye leso, polepole. Akaomba daftari ligongwe muhuri wa idara pembeni ya alama. Dakika akaupiga muhuri, akaupuliza ukauke, akamrudishia kwa mikono miwili. Halafu akamsindikiza. Niliwaona kupitia dirishani wakivuka uwanja hadi getini, mmoja hatua mbili mbele ya mwingine.

Aliporudi nikamwuliza anajisikiaje. Aliketi, akafikiri, maana ukimwuliza swali yeye hulijibu.

"Sijisikii chochote," akasema. "Nimejifinya hapa mkononi nikiwa njiani. Nasikia kama nimefinya mkono wa mtu mwingine."

Barua ya mjomba ilipatikana mchana huo huo ofisi ya msajili, chini ya fomu za mitihani, imegongwa muhuri kama alivyosema. Msajili alikuja kuomba radhi hadi ofisini kwetu. Dakika alimsikiliza, akamwambia sawa. Nilitamani amfokee. Angalau mtu angefoka katika jengo lile.

Jumanne aliniomba simu yangu. Simu yangu ni ya kawaida, kioo kidogo, imepasuka pembeni. Dada wa TEHAMA alimwonyesha namna ya kuingia kwenye darasa lake kama mwanafunzi, akaingia. Alikaa nayo asubuhi nzima. Nilimwona akibonyeza, akisubiri, akibonyeza. Baadaye aliniambia kutoka kwenye mlango wa darasa mpaka kwenye kazi ya tatu ni mibonyezo tisa, na kwamba maelekezo aliyojivunia, yale ya kurasa kumi na nne, kwenye simu hayasomeki mpaka uyavute kwa vidole kipande kimoja kimoja. Faili moja lilikuwa na jina "Somo 3 mwisho mwisho kabisa tumia hili". Nilicheka. Yeye hakucheka, alilibadilisha jina, akaliita "Wiki ya tatu: namna ya kupima kwa utepe".

Jumatano alitoa orodha ya wote waliokuwa hawajaingia darasani kwa zaidi ya wiki mbili. Walikuwa tisa, bila yule binti. Akaanza kuwapigia simu. Nilikuwa nasahihisha ramani, nikawa nasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ni mwalimu wako wa upimaji. Hapana, hujafanya kosa. Nauliza kama uko salama." Anasikiliza. "Sawa." Anaandika. Anapiga nyingine. Mmoja alikuwa amebadilisha chuo bila kuaga. Mmoja simu ilipokewa na mume, akamfokea sana, ikabidi mkewe aje ainyang'anye simu aeleze. Mmoja alikuwa amejifungua. Wawili waliibiwa simu siku moja kwenye basi moja. Mwingine akamwambia, "Mwalimu, kumbe ni mtu? Mimi nilidhani kule kuna mashine tu."

Alimaliza wote tisa kabla ya saa saba. Hakuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo jema wala baya. Jioni mkewe akanipigia.

"Wifi," akasema, maana ndivyo tunavyoitana, "kaka yako ana nini? Anakula kama anajaza fomu."

Nikamwambia kwa kifupi. Upande wa pili nikasikia redio yao na maji yakimiminika kwenye beseni.

"Mbona hajaniambia?"

"Hata kujiambia mwenyewe nadhani bado."

Alhamisi tulikutana chumba cha mikutano, walimu thelathini na kitu, projekta, birika mbili za chai. Mkuu wa idara alimkaribisha kwa maneno mengi. Wengi wetu tulikuwa tumekuja kwa ajili ya chai na kuonekana. Dakika alisimama na karatasi moja. Nilijua mwongozo wake ulikuwa kurasa ishirini.

Kwanza aliweka ule ujumbe wake wa zamani ukutani, herufi kubwa, akauacha pale.

"Huu ulikuwa wangu," akasema. "Mliambiwa darasa langu limepangwa vizuri. Limepangwa. Nina mambo machache. Chukueni simu zenu, muingie madarasani mwenu kama wanafunzi, sasa hivi."

Watu wakatazamana. Wakatoa simu. Ndani ya dakika tano chumba kilijaa manung'uniko. Mwalimu wa hesabu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akasema kwa sauti, "Jamani, mtihani wangu hauonekani! Na nimewafelisha watu wanane!" Watu wakaangua kicheko. Dakika akamsubiri amalize.

Akatuonyesha mahali pa kuchagua aina ya faili, na kwamba tukubali picha za simu maana ndicho wanafunzi walicho nacho. Akatuonyesha ule ukurasa wa majaribio yaliyogoma. Akasema tuusome siku ile ile ya mwisho wa kazi, tusingoje mtu alalamike. Kikasha cha ujumbe kifunguliwe kila siku hata kama tumewakataza kukitumia, kwa sababu mtu aliyekwama hubisha mlango ulio karibu naye. Tarehe ya mwisho tuiweke mchana wa siku ya kazi, wakati wa TEHAMA wapo, na tujue namna ya kumwongezea muda mtu mmoja bila kufungulia darasa zima. Namna hiyo alituonyesha mara mbili. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Na asiyeingia wiki mbili, apigiwe simu," akasema.

"Mwalimu!" Redio akanyanyua mkono. "Mimi nina wanafunzi mia mbili na kumi. Nipige simu mia mbili na kumi, nitafundisha saa ngapi?"

"Hawanyamazi wote. Wangu walikuwa tisa. Nilitumia asubuhi moja." Akatazama karatasi yake. "Walikuwa kumi. Wa kumi amefariki wiki saba zilizopita, na ujumbe huu hapa ukutani ulikwenda kwenye simu yake mara hamsini na sita. Mara nne akiwa hai, anaumwa, kazi yake iko tayari. Mara hamsini na mbili ukisomwa na mama yake. Kama mnaandika ujumbe unaojituma, andikeni kama atakayeusoma ni mama wa mwanafunzi. Nimemaliza."

Mkuu wa idara alisimama kushukuru, maneno yakamwishia katikati, akasema tunywe chai. Tulikunywa. Redio, ambaye sijawahi kumwona akikaa kimya kwa muda wa kikombe kizima, alikwenda kusimama karibu na Dakika pale dirishani na kukaa kimya.

Mwongozo ulichapishwa ukurasa mmoja, ukabandikwa ofisi zote. Ujumbe mpya wa Dakika ulikuwa mfupi: "Habari. Sijakuona darasani wiki hii. Uko salama? Nijibu kwa namba hii, ni yangu mwenyewe." Wakaanza kujibu. Walimjibu asubuhi, walimjibu yuko darasani, walimwambia habari ambazo mtu hata daktari wake hamwambii: mafuriko, ugomvi na baba wa kambo, miwani iliyovunjika. Alizisoma zote, na kila moja akaijibu kwa sentensi moja au mbili.

Wale tisa, sita walirudi. Wanne kati yao walifaulu upimaji, wawili watarudia.

Watu wa idara walitarajia kwamba siku moja atavunjika, atalia ofisini, na sisi tutakuwa tayari na leso na pole zetu. Haikutokea. Mkewe alisubiri pia nyumbani, haikutokea. Muhula wote alikuwa vile vile, amenyooka, mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ambayo haijaisha. Kuna mchana mmoja aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba asubuhi hiyo alikuwa amesimama foleni ya benki, mtu akamkanyaga, na ikamuuma, na alifurahi kwamba imemuuma. Nikamwuliza alifurahi kiasi gani. Akasema, "Kidogo."

Wiki ya mwisho ya muhula ilifika kazi ya yule mwanafunzi aliyejifungua. Picha sita za simu, nyingine imepigwa upande, nyingine kona yake imefunikwa na kidole. Katika picha ya nne kulikuwa na mguu wa mtoto mchanga juu ya jedwali la vipimo, umeziba safu mbili za tarakimu. Dakika aliukuza mpaka vidole vikajaa kioo kizima. Alikaa hivyo kwa muda. Nilimwona kutoka mezani kwangu.

Kisha akampigia simu mwanafunzi. "Picha ya nne," akasema, "sioni safu ya tatu na ya nne. Usiipige upya, nisomee tu."

Mwanafunzi akaanza kusoma tarakimu, na kwa nyuma mtoto alikuwa analia, na Dakika alikuwa anaandika, akisema "naam" baada ya kila namba, mpaka zikaisha.